Dolphine Hataki Kupiga Magoti

Busia, 11 Februari 1996

Mwanangu Mukhwana,

Umeamkaje huko kwa watu wa ngamia? Sisi tumeamka. Mvua imekataa kunyesha lakini Mungu hajakataa kutuona. Dada yako Wilkista wa Malaba amejifungua msichana pale hospitali ya Alupe, mkubwa, kichwa chako kabisa, maskini. Ng'ombe mwekundu amekauka maziwa. Paa la jikoni bado linavuja pale pale uliposema utaziba. Anayeniandikia ni Zaitun wa dukani kama kawaida, na anakusalimu. Nimemwambia aandike vile nasema, asinipambe.

Sasa jambo lenyewe. Krismasi uliniandikia kwamba Dolphine wako amefika miaka saba, mama yake hayupo duniani, baba yake yuko mbali, kwa hiyo nimfundishe mimi kuheshimu wakubwa: mwalimu, naibu wa chifu, askari, mtu yeyote wa serikali. Ulisema mtoto wa askari asikue kama mbuzi wa sokoni. Nikasema sawa. Kusoma sikusoma, lakini kulea najua. Nilikulea wewe, na ulikuwa mbaya zaidi. Nikamkalisha mtoto, nikamwambia: "Mtu wa serikali akikuuliza neno, simama wima, mikono miwili mbele, mjibu kweli tupu. Ukidanganya serikali ulimi unaota vidonda." Hiyo ya vidonda niliongeza mimi.

Akashika. Lo, alishika!

Tukavuka ng'ambo, mimi na yeye. Unajua vile wamama wa hapa tunavyobeba sukari ya Uganda, na usijifanye hujui, kwa maana sukari hiyo ndiyo ilikununulia viatu ulivyoendea kuandikwa uaskari. Mfuko unaufunga mgongoni na leso, unaufunika na shali, unatembea ukibembeleza. Watu wa kastom, wale wa ushuru wa mpakani, wenyewe wanajua, wanaangalia pembeni. Lakini siku hiyo walikuwa wameleta kijana mgeni, kofia bado mpya. Akatusimamisha. Mimi nikapigapiga mgongo, "Shhh, baba, lala." Yule kijana akainama kwa Dolphine akitabasamu. "Huyu ni ndugu yako? Anaitwa nani?"

Mukhwana, mtoto wako akasimama wima. Mikono miwili mbele. Akajibu kwa sauti ya kanisani: "Afande, hana jina. Ni sukari."

Wamama wote nyuma yangu wakageuka wakarudi Uganda kama watu waliosahau kitu.

Zaitun amecheka mpaka ameweka kalamu chini, ingawa sukari iliyochukuliwa ilikuwa inakuja duka lake. Mimi sikucheka. Niliinua mkono nimchape, mkono ukakwama hewani. Nimchape kwa kosa gani? Amefanya nilivyomwambia, na mimi nimemwambia ulivyoniambia.

Ingekuwa mwisho hapo, ningenyamaza. Lakini siku ya soko tulimkuta mke wa yule kijana wa kofia anauza sukari, na mfuko ni wetu, ule nilioushona kiraka cha maua. Dolphine akatazama kiraka, akanitazama mimi bibi yake. "Kukhu, si ilichukuliwa na serikali?" Nikamvuta mkono tukaenda.

Tangu hapo hasalimu mtu mwenye kofia. Naibu wa chifu, mzee Omagor, akipita, yeye anakaza shingo kama bata. Wasichana wote wa hapa wanapiga magoti wakisalimu mkubwa, yeye anasimama tu. Ananiuliza kwa nini awaheshimu. Mwanangu, mimi nilifundishwa kuheshimu, sababu yake sikufundishwa. Wewe umesoma, na wewe ndiwe serikali. Niambie nimwambie nini. Usikawie.

Mama yako Roselida, dole gumba langu liko hapo chini.


Kambini, 20 Aprili 1996

Mama mpendwa,

Barua yako imenifikia baada ya kuzunguka sana, ndiyo maana jibu limechelewa. Nimefurahi kusikia habari za Wilkista. Mpe pole na hongera. Paa nitaliziba nikija. Likizo ya Pasaka haikuwezekana. Hapa ni jua na vumbi, lakini nina afya.

Kuhusu Dolphine. Kwanza, mama, acha magendo. Si vizuri mama wa askari kukamatwa na mtoto mgongoni ambaye si mtoto. Mtoto hakukosea. Alisema ukweli, na huo ndio mwanzo wa nidhamu.

Pili, usimwambie habari za vidonda vya ulimi. Mweleze sababu. Mwambie bila wakubwa mwenye nguvu atamla mnyonge. Mwambie mwalimu amepita njia ambayo yeye bado, kwa hiyo anajua shimo liko wapi. Yule kijana wa kastom akiiba, ni yeye ameiba, si kofia. Kofia bado ni ya kuheshimiwa. Mwambie pia kwamba amri hufanya watu wengi wawe kitu kimoja. Askari hangoji kuelewa ndipo atii. Akingoja, watu watakufa.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Mwambie baba yake anataka asalimu watu kwa heshima. Asiniaibishe.

Mwanao,
Mukhwana


Busia, 2 Juni 1996

Mukhwana wangu,

Salamu kutoka hapa, na moshi wake, kwa sababu mvua imekuja yote pamoja na kuni zimelowa. Mtoto wa Wilkista anaitwa Aloo, jina la upande wa baba yake, sikuulizwa. Ng'ombe amepandwa. Jikoni naweka sufuria pale panapovuja, siku ya mvua kubwa naweka mbili.

Zaitun alinisomea barua yako, nikamwambia aisome tena. Maneno ni mazuri. Nilimpelekea Dolphine yote: mwenye nguvu, mnyonge, shimo, kofia. Alisikiliza vizuri. Halafu akauliza, "Kama mwenye nguvu ndiye mwenye kofia?" Nikasema ngoja kwanza nikaangalie ugali.

Kwa hiyo nikafikiria njia yangu. Nikamwambia, "Leo wewe ndiwe liguru, mkubwa wa kijiji hiki kizima. Mimi, kuku, na Zaitun akija, tuko chini yako. Tawala, uone kazi yake." Nilitaka aone uzito. Nilimvalisha kofia ya marehemu babu yake, ikamfika puani.

Alitawala, mwanangu! Aliamuru jirani wawili wanaogombania kamba ya kuanikia nguo waitumie zamu kwa zamu, na wakatii, watu wazima wale, wakicheka. Mimi alininyang'anya kiti changu cha kamba, akasema ni cha ofisi. Nikakaa chini kutwa, mgongo ukiniuma, nikasema vizuri, sasa ataona kutawala ni kutamu na ataheshimu wanaotawala. Jua lilipoanza kuingia akaniletea kiti, anakiburuta.

"Mbona unarudisha, mheshimiwa?"

"Kazi imeisha. Na ni chako."

Nilimwambia ni liguru mzuri. Hapo ndipo nilipoharibu, sasa naona.

Kwa sababu wiki iliyofuata Omagor alikwenda kutembelea shule. Mwalimu Ojakol, yule wa darasa la pili, aliwapanga watoto waimbe. Omagor akahutubia, akawauliza nani ana swali. Wewe umewahi kusikia mkubwa akiuliza hivyo na kumaanisha? Dolphine akanyoosha mkono. Akasimama wima vile nilimfundisha. Akasema: "Mzee, yule jogoo wa kukhu uliyemchukua ukasema ni wa harambee, kazi ikiisha unamrudisha?"

Mtoto mmoja akawika kama jogoo, na ikawa basi.

Amefukuzwa. Mwalimu Ojakol alimleta mwenyewe mpaka mlangoni, akasema harudi darasani mpaka apige magoti mbele ya Omagor aombe msamaha, na kama muhula wa tatu utafunguliwa bado hajaomba, jina lake litafutwa. Shule nyingine ni mbali, mtoto wa kimo hiki atagongwa na malori. Dolphine anasema haombi, kwa sababu aliuliza kwa adabu. Na ni kweli aliuliza kwa adabu! Mimi niko katikati kama mtu aliyeshika mikia ya ng'ombe wawili, kila mmoja na njia yake. Nimlazimishe? Nimwache? Wewe ni baba, sema.

Neno lingine. Zamani ulikuwa unatia namba yako ya kazi chini ya jina. Barua hii haina. Zaitun ameitafuta hata nyuma ya bahasha. Mbona?

Mama yako, na dole lake.


28 Julai 1996

Mama,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mzima.

Mpeleke akaombe msamaha. Usibishane na Omagor, usibishane na mwalimu, wala usimsikilize Dolphine. Jogoo ni jogoo tu. Mtoto asipojifunza sasa kuinama atakuja kujifunza ukubwani, na ukubwani hawakufundishi kwa maneno. Sitaki hayo yampate.

Namba nilisahau.

Mukhwana


Busia, 22 Septemba 1996

Mwanangu,

Leo salamu ni fupi kwa sababu nina hasira, lakini nakusalimu. Hakuna aliyekufa.

Nilifanya ulivyosema. Nilizungumza na Dolphine siku nyingi. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamnunulia mandazi. Hakukubali. Mwisho nikamwambia, "Baba yako amesema." Hapo akainamisha kichwa. Akasema, "Kama baba amesema."

Nilimpeleka. Omagor alikuwa ameketi kivulini kwenye kiti cha mwalimu mkuu, Ojakol amesimama pembeni. Omagor akasema, "Eh, wakili wa kuku amefika!" Wakacheka. Dolphine akapiga magoti katikati ya uwanja, kwenye changarawe. Akasema, "Nisamehe mzee, sitauliza tena." Omagor akasema vizuri, vizuri, sasa huyu ni mtoto. Ojakol akaniambia, "Mama, njoo ofisini tuandike jina upya." Tukaingia. Omagor akakaribishwa chai huko huko. Wakaanza mazungumzo ya barabara ya Amagoro na nani atapewa kazi ya kuitengeneza, na mimi nimekaa pale kama mgeni. Yule mtu anajua kuongea! Hata jogoo wangu alimtaja, akasema alikuwa mtamu, nikacheka pamoja nao. Nilicheka, Mukhwana.

Tulipotoka jua lilikuwa juu ya kichwa. Mtoto wako alikuwa bado kwenye changarawe. Magoti chini, mikono miwili mbele, macho chini. Watoto walishatoka wakacheza wakarudi darasani, wamempita upande huu na upande huu. Amejikojolea. Nikamkimbilia, "Wee Dolphine, kwa nini hukuinuka?"

Akasema, "Hakuna mtu aliniambia niinuke."

Nimemwinua mimi. Magoti yana alama za mawe. Tangu siku hiyo ni mtoto mzuri sana. Anasalimu kila mtu. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia kula, anakula. Hajaniuliza swali hata moja, na mimi ninayeambiwa na watu "hongera mama, umemnyoosha" silali. Yule wa kwanza alinisumbua, huyu wa pili ananiogopesha. Mtu akimwambia ingia kwenye gari langu, si ataingia? Heshima ni ipi sasa katika hawa wawili? Nakuuliza wewe uliyesoma.

Na nina lingine. Nilikufungia omena na karanga, nikampa Wilkista ampe Mbarak, yule dereva wa lori anayekula kwake wakati foleni ya malori ya mpakani Malaba imelala. Mbarak hupeleka mizigo kwenu kaskazini. Amerudi na kifurushi changu hakijafunguliwa. Kambini wamemwambia Mukhwana hayupo tangu Machi, aliwekwa ndani kisha akafukuzwa kazi. Mbarak akauliza kosa, wakamwambia alikataa amri.

Wewe. Wewe uliyeniandikia Aprili kwamba askari hangoji kuelewa. Ulikuwa unaandika kutoka wapi?

Sema na mimi. Mimi si Omagor.

Roselida


Nakuru, 13 Oktoba 1996

Mama,

Wasalimie wote. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Ni kweli. Nilikuandikia Aprili nikiwa nimelala kwenye stoo ya saruji hapa Nakuru. Nashusha na kupakia mifuko, na usiku nailinda. Barua zako zilikuwa zinapitia kambini, kuna rafiki aliyekuwa akinitumia.

Machi tulipelekwa mahali ambapo watu wamejenga vibanda karibu na kisima. Tukaambiwa hawatakiwi pale, vichomwe asubuhi. Sikuuliza. Miaka yote sikuuliza, mama, na nililala vizuri. Wenzangu walianza upande ule, mimi upande huu na mwenge. Watu walishatoka, wanabeba vitu. Kwenye mlango wa mwisho alikuwa ameketi mama mzee. Nikamwambia atoke. Akauliza, "Nani amekutuma?" Nikamwambia serikali. Akasema, "Hiyo naijua. Nauliza wewe ni nani."

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua mgeni wake. Na mimi, mama, jina langu halikutoka mdomoni. Nikaweka mwenge chini. Mkubwa wangu akaja, akaamuru mara ya pili, ya tatu. Sikubishana. Sikusema neno la kishujaa. Nilishindwa tu kuuokota.

Ungependa nikuambie nyumba ilipona. Haikupona. Mwenzangu aliuokota. Yule mama walimbeba na kiti chake wakamweka nje, na kibanda kikaungua kama vingine. Kwa hiyo sijui kukataa kwangu kulimsaidia nani. Mimi nilipoteza kazi, yeye akapoteza nyumba, na amri ikatekelezwa.

Nilikwambia umfundishe Dolphine kutii kwa sababu niliona kinachompata asiyetii. Niliogopa awe kama mimi. Sasa umeniandikia habari ya changarawe, nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya mifuko, na ninaona nimemfanya kuwa kama mimi, yule wa kabla.

Uliniuliza heshima ni ipi. Sijui, mama. Nilidhani najua. Nataka kurudi nyumbani lakini naogopa macho yake. Nitamwambia nini? Nilikosea kutii, au nilikosea kukataa? Wewe unaonaje?

Mukhwana


Busia, 3 Novemba 1996

Mwanangu wa tumboni,

Zaitun amesoma barua yako mpaka katikati, akaniambia mama Mukhwana ngoja nipumue. Tumekaa hapo dukani, wateja wakafukuzwa. Salamu zako zimefika kwa wote, na Wilkista analia lakini analia vizuri.

Unaniuliza mimi! Mtu ambaye hata jina lake hawezi kulisoma likiandikwa ukutani. Nani alikosea, sijui. Nimelizungusha kichwani kama mahindi kwenye kikaango, na bado sijui. Bila wakubwa tutaumizana, hilo naliamini, nimeona ng'ambo wakati wa vita vyao, watu wakivuka na watoto kichwani kwa sababu hakukuwa na mkubwa wa kusema basi. Na pia naamini mtu anayechoma nyumba ya mama mzee hajafanya kazi ya ukubwa. Yote mawili nayaamini, na hayakai kwenye kikapu kimoja. Lakini hilo la kusema hukumsaidia mtu, nyamaza. Yule mama ataulizwa na wajukuu ilikuwaje. Atasema walikuja wengi, na mmoja akaweka chini. Huyo mmoja si kitu kidogo kwa mtu anayesimulia.

Sasa sikia ya hapa. Mwalimu Ojakol alikuja nyumbani, hajaitwa, kofia mkononi. Nilidhani tumekosea tena. Nikampa kiti, akakataa, akachuchumaa mbele ya Dolphine mpaka macho yakalingana. Akamwambia: "Siku ile nilikusahau nje. Nilikuwa nakunywa chai. Mkubwa hafai kumsahau mtoto. Nisamehe." Mtu mzima, Mukhwana, na suruali ya kazi! Dolphine akamtazama muda mrefu. Mimi nikasema moyoni, sasa ataringa, sasa heshima imekwisha kabisa, mwalimu ameiua kwa mkono wake.

Alipoinuka kuondoka, mtoto akapiga magoti. Akamsalimu kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia. Kisha akainuka mwenyewe, akapangusa vumbi, akamwuliza, "Mwalimu, kesho tunasoma hesabu au habari za ng'ombe?"

Ni swali lake la kwanza tangu changarawe. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Sielewi. Mimi nilifundisha na vidonda, wewe ukafundisha na sababu, nikafundisha na kofia ya babu, Omagor akafundisha na magoti, na mtoto ameshika kutoka kwa mtu aliyekuja kusema amekosa. Nani angejua? Omagor bado hasalimiwi kwa magoti, anaambiwa tu "habari mzee", na nimeamua hiyo inatosha.

Nimemwambia habari zako zote, nyumba, mama mzee, mwenge, na kwamba kazi huna. Nilitaka kumficha, lakini ukimficha huyu anakutazama. Akauliza, "Baba akija hatakuwa na kofia?"

"Hatakuwa nayo."

"Sasa huyo lazima nimheshimu?"

Mdomo ulitaka kusema ndiyo, ni baba yako, mwisho wa maneno. Nimesema hivyo maisha yangu yote. Nikamwambia, "Mngoje afike. Mtazame, muulize unachotaka. Halafu wewe utaniambia mimi."

Ameketi barabarani tangu jana, anatazama kila basi la kutoka Nakuru. Njoo, mwanangu. Panda la kwanza unaloliona.

Mama yako